Maji ya Magotini

Mwezi wa tisa, hapa Uvinza, Ruchugi haupiti: unajikokota.
Ukisimama darajani kwenye reli unahesabu mawe.
Mwaka huu nimepata thelathini na moja,
na moja jipya ambalo hata mama halijui.

Mimi ni mtu wa kafi. Nabeba chumvi, mkaa,
muhogo mkavu, mara moja kitanda cha bi harusi
na bi harusi mwenyewe kakikalia, viatu mkononi.
Masika nampita mvuvi wala hatuonani,
mto una nafasi ya kutosha kwa dharau zetu zote.
Kiangazi unabaki ufito mmoja wa maji,
upana wa mkeka wa watu wawili,
na hao wawili hawapatani.

Maana Dafroza wa Ntamalengelo yuko palepale,
kwenye kina pekee kilichosalia, chini ya korongo,
mishipi minne, nyungunyungu ndani ya kopo la maziwa.
Samaki nao si wajinga.
Maji yakipungua wanahamia kulekule ninakopita.

Jumanne upondo wangu ulikata mshipi wake.
Ningesema sikukusudia
kama nisingekuwa nimecheka.
Anasema palikuwa na kambale wa urefu wa mkono.
Kambale aliyeponyoka hana mizani, nikamwambia.
"Mto umeununua kwa nani?"
"Na wewe umeukodi kwa nani?"
Tukaendelea hivyo, kwa Kiswahili, halafu kwa Kiha,
maneno ambayo hata yale maji mavivu
yaliyaondoa mbele yetu haraka.

Alhamisi nikakwama.
Magunia manane, mchanga hadi kwenye mbavu za mtumbwi,
na maji yanaanza kupenya kwenye ule ufa
ambao tangu Juni nimekuwa nikisema nitauziba.
Chumvi haina subira. Ukichelewa, inarudi ilikotoka.
Nilisukuma peke yangu mpaka nikaona nyota mchana.
Sikumwita. Nani angemwita?

Akachomeka mishipi yake mchangani, mmoja mmoja,
bila haraka, kama mtu anayeanika nguo.
Akafunga kibwebwe. Akaingia.
"Sukuma," akasema, "usinitazame."
Tulisukuma. Gunia la nane lilikuwa limeshaanza kulia,
matone meupe yakishuka mkononi mwake,
na nikaona pale kwenye kidole gumba
kovu la ndoana, la zamani, limepinda kama herufi.
Chumvi ilimchoma. Hakusema.

Hatukuapa. Hakuna aliyeandika.
Ila tangu siku hiyo, nikifika kwenye kona ya matete
napiga mluzi mara mbili,
naye anainua mishipi.
Nami nalaza upondo, naacha mtumbwi uteleze wenyewe,
nisiguse maji, nisikohoe,
napita juu ya samaki wake kama mwizi aliyeokoka.
"Mwidiwe," nasema. Anajibu kwa kidevu.
Asubuhi kabla treni ya mizigo haijavuka, sipiti kabisa.
Hizo ni saa zake.

Filbeti, kijana wa mtumbwi wa rangi, hapigi mluzi.
Anasema mto ni wa wote.
Ni kweli. Ndiyo sababu ninapiga mluzi,
nikamwambia, lakini alishapita,
na mawimbi yake yakabaki yakigonga kopo la chambo.
Siku hizi Dafroza ana mishipi mitatu.

Sasa ni Novemba. Mvua imefanya kazi yake,
mawe yote thelathini na mawili yamelala,
nafasi ipo ya kumpita mtu mbali, bila neno.
Leo kwenye kona midomo yangu ikajikunja yenyewe:
mara mbili.
Ng'ambo ile, mbali, mkono ukainuka
na mshipi ambao haukuwa njiani kwangu.

Au alikuwa anafukuza mbu.